Mpira Namba Kumi na Sita

Usiku ule Mwanamkuu alihesabu mara tano.
Hakusema. Alihesabu kwa vidole juu ya foronya,
nami nikijua anahesabu, nikajikoholesha tu.
Mara tano nilivuka ua na kandambili,
nikasimama pale kama mshitakiwa
aliyeitwa kizimbani akasahau kesi yake.
Tone. Subira. Tone.
Bomba bovu la jirani likinishinda mbio.

Mimi ni fundi baiskeli, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu.
Miaka arobaini na moja nazamisha mipira karaini
nikivizia povu linaloumbua tundu.
Tundu nalijua. Vali iliyokwama naijua.
Hii yangu nikaiita mgongo,
maana mwanamume wa kwetu akiumwa goti hutangaza,
akiumwa huku chini, huumwa mgongo.

Msikitini nikahama safu.
Toka nyuma ya imamu hadi mlangoni, penye viatu,
kwa kuwa udhu wangu ulikuwa wa kukopa
na tone halina adabu, halingoji salamu.

Hizza wa duka la mkaa akanisikia nikiguna:
"Ni siti hiyo. Umeikalia, sasa imekukalia."
Mwingine akasema ujana wangu unadai riba.
Mizizi ililetwa kutoka Amani, ndani ya chupa ya soda;
ilichoma tumbo, mlango haikuugusa.

Kisha mafua. Vidonge viwili vya dukani, nikalala.
Saa nane, hata tone.
Tumbo likawambika kama ngoma, nikatota jasho,
nikashika ukuta nikimwomba Mola kitu
ambacho mtoto mchanga hupewa bure.
Mwanamkuu akamgongea Shekue, bajaji ikawashwa,
na matuta yote hadi Bombo
niliyahesabu mimi, kwa kibofu.

"Mzee, tunakuwekea mpira," akasema nesi.
Nikauliza, kwa mazoea tu, namba ngapi.
"Kumi na sita."
Kumi na sita! Wa baiskeli ya mtoto!
Nikacheka huku chozi likishuka,
na maji nayo yakashuka, lita na ushei,
kuta za wodi zikarudi mahali pake.

Asubuhi Dakta Namkunda akavaa glovu.
Nikakodolea kalenda ya mwaka jana.
Kidole kilikuwa kifupi kuliko aibu yangu.
Akachora nyuma ya bahasha: kibofu juu, njia chini,
na tezi imeizunguka njia kama pete.
"Ujanani ni kokwa ya kungu. Uzeeni hunenepa,
na pete ikinenepa kwa ndani, kidole hubanwa."
Siti je?
"Si siti. Si dhambi. Ni umri.
Na vile vidonge vya mafua ndivyo vilivyotia komeo."
Saratani?
Akanyamaza kidogo.
"Huyo ni mgeni mwingine, ila nyumba moja
yaweza kuwapokea wote wawili.
Ndiyo maana nimekutoa damu. Tungoje majibu."

Nimerudi karaini. Mfuko nimeuficha ndani ya msuli,
vidonge vya kulegeza shingo ya kibofu
nimevitia kwenye kopo la spoku, nisivisahau.
Chai ya usiku nimeiacha; hiyo ndiyo iliyoniuma kweli.
Majibu ni Alhamisi.

Juzi Hizza kaleta gurudumu zima, halina hata mwiba.
Nikautoa mpira, nikauzamisha. Maji kimya.
"Basi kaa," nikamwambia. "Unaamka mara ngapi?"
Akatazama barabara, kulia, kushoto,
kisha, chini ya magoti, kama mtoa rushwa,
akanionyesha vidole vinne.